Tatizo la kikapu cha vyuo siyo hela, ni kwamba siku hizi hakuna anayerudi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua ni ndefu ila hili jambo limenikaa rohoni tangu nisome ile makala yenu iliyosema kikapu cha vyuo vya Marekani kimekufa, eti hela zimeingia zikakiua, na kwamba mtu anayependa kikapu aangalie NBA tu, ile ligi ya kulipwa, wanafunzi awaache na masomo yao. Mi naangalia vyote, NBA na vyuo, wanaume na wanawake, miaka mingi sasa, na ile makala nusu naikubali na nusu siikubali kabisa. Kwamba kuna kitu kimeharibika, hapo sawa. Lakini hela mnaisingizia.

Ngoja nianze na mechi moja maana bila hiyo sitaeleweka. Machi 2018 chuo cha Virginia walikuwa namba moja nchi nzima, difensi yao ilikuwa inakubana mpaka unamaliza muda wa kutupa mpira hujaona hata pa kutokea, wakapangwa mechi ya kwanza na UMBC, chuo cha kule Maryland ambacho watu wengi ndo walikuwa wanakisikia siku hiyo. Tangu mashindano ya wanaume yafike timu 64 mwaka 1985, makundi manne ya timu 16 zinazopangwa kwa ubora, aliyepangwa nafasi ya 16 alikuwa hajawahi kumfunga aliyepangwa nafasi ya 1, mara 135 walikutana na mara zote 135 mkubwa alishinda. Virginia wakapigwa 74-54. Siyo pointi moja ya bahati dakika ya mwisho, pointi 20! Nilikaa naangalia kioo sijui niseme nini, wale vijana wanatoka uwanjani wameinamisha vichwa, unajua kabisa kwamba hicho kitu watakumbushwa maisha yao yote.

Sasa cha maana ni kilichofuata. Wakarudi. Kyle Guy, Ty Jerome, De'Andre Hunter, chuo kilekile, kocha yuleyule Tony Bennett, wakaanza msimu huku kila uwanja wanaoenda wanachekwa. 2019 wakafika nusu fainali na Auburn, wako nyuma 62-60, Guy anatupa ya pointi tatu kona kule anafanyiwa faulo, imebaki sekunde 0.6, anasimama peke yake kwenye mstari uwanja mzima unapiga kelele. Ya kwanza ndani. Ya pili ndani. Ya tatu ndani. 63-62. Halafu fainali wakamfunga Texas Tech 85-77 baada ya kuongezewa muda. Mtu aliyewasha tivii siku ile bila kujua habari za UMBC aliona kijana anafunga mitupo mitatu ya faulo basi, ila sisi tuliokuwepo mwaka mmoja nyuma tuliona mtu anautua mzigo.

Purdue nao hivyohivyo. 2023 wakafungwa na Fairleigh Dickinson 63-58, mara ya pili tu katika historia ya wanaume kwa nafasi ya 16 kumtoa nafasi ya 1, yule mrefu wao Zach Edey angeweza kuondoka zake lakini akarudi, na 2024 wakaenda mpaka fainali. Wakafungwa na UConn, yaani chuo cha Connecticut, 75-60 ni kweli, lakini walifika, na nani aliyekuwa anawafuatilia hakufurahi?

Hiki ndo kitu ambacho NBA hata iwe tamu vipi haiwezi kunipa kwa namna ileile. NBA ukiteleza Jumatatu unajirekebisha Jumatano, mechi saba, makocha wanabadilishana mbinu kama wacheza bao, mwisho wa siku mara nyingi mwenye timu bora ndo anapita na mi hilo nalipenda sana, sitaki mtu afikirie naiponda. Dakika 48, faulo 6 kabla hujatolewa, mpira utupwe ndani ya sekunde 24, wale ni mafundi. Vyuoni wanaume ni dakika 40 kwa vipindi viwili, faulo 5 tu, sekunde 30, na kuanzia Machi ni mtoano, mechi moja, ukipigwa unafungasha virago. Usiku mmoja mbaya na msimu wote umeisha! Kwa hiyo njia pekee ya kulipa kisasi ni kurudi mwaka unaofuata, na ili urudi lazima uwe bado upo.

Na kukaa kunamjenga mchezaji, hilo sisi wasomaji wa Kiswahili tusisahau maana tuna mfano wetu. Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, alikaa UConn misimu mitatu kuanzia 2006. Mwaka wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 6 na kitu, wa pili 10 na kitu, wa tatu 13 na kitu pamoja na ribaundi zaidi ya 10, na mipira aliyokuwa anaiziba pale chini ya kikapu ilikuwa balaa, akawa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili mfululizo na mwaka 2009 wakafika nusu fainali ya taifa. Unamuona kabisa mtu anapanda ngazi moja moja. Akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, akaenda timu ya Memphis, na huko ngazi zikakatika. Dakika 13 hivi kwa mechi, kabla hata msimu wa kwanza haujaisha wakamteremsha ligi ndogo, mwaka uliofuata wakampeleka Houston. Watu mpaka leo wanamtaja kama mfano wa chaguo lililofeli na mi inaniuma kila nikisoma, kwasababu mrefu wa futi 7 na inchi 3 aliyekuja kwenye kikapu akiwa ameshakuwa kijana mkubwa anahitaji miaka, siyo miezi. Alipopewa miaka mitatu alionyesha.

Linganisha na Hakeem Olajuwon. Mnigeria, alicheza handiboli na kudaka golini kwenye mpira wa miguu kabla hajagusa kikapu, akafika chuo cha Houston mwaka 1980 na msimu wa kwanza hakucheza kabisa, alikuwa anajifunza tu. Halafu akafika nusu fainali ya taifa miaka mitatu mfululizo, 1983 wakafungwa na North Carolina State 54-52 kwa danki ya sekunde ya mwisho, 1984 akarudi fainali wakafungwa tena na Georgetown. Hakupata ubingwa chuoni. Lakini yule aliyechaguliwa wa kwanza 1984, Michael Jordan akiwa wa tatu, hakuwa yule aliyeshuka kwenye ndege 1980, na mabingwa wa NBA wa 1994 na 1995 ni Houston Rockets wa Hakeem. Hebu fikiria leo hii kijana aambiwe mwaka wa kwanza kaa benchi ujifunze. Atakaa? Msimu ukiisha tu Aprili ameshahama.

Sasa nije kwenye hela. Mwaka 2014 UConn walibeba ubingwa wakitokea nafasi ya 7, fainali wakamfunga Kentucky 60-54, na nyota wao Shabazz Napier akawaambia waandishi wa habari kwamba kuna usiku alikuwa analala na njaa. Mchezaji bora wa mashindano, uwanja umejaa maelfu kwa maelfu, haki za tivii zinauzwa kwa mamilioni ya dola, yeye njaa! Mwezi huohuo wa Aprili NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu vyuo viwape wachezaji chakula bila kipimo, kumbe siku zote hizo ilikuwa inawezekana. Na makocha muda wote huo wanalipwa mamilioni na wanahama chuo siku wanayotaka. Mi siwezi kumwangalia mtu usoni nikautetea utaratibu ule. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliwaambia NCAA hawawezi kuwabana wanafunzi kwenye mafao yanayohusu masomo, mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kupata hela kwa majina na picha zao, na Juni 2025 ikapitishwa suluhu ya mahakamani kwamba vyuo viwalipe moja kwa moja, kila chuo mpaka kama dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ilikuwa haki yao na ilichelewa mno. Kwahiyo ndugu yangu mwandishi wa makala, ukisema hela zimeua mchezo ni kama unasema mchezo ulikuwa mzima wakati Napier analala njaa.

Kilichoumiza ni kwamba hela zilikuja pamoja na mlango usio na komeo. Kuna ile potali ya uhamisho iliyoanza 2018, yaani mchezaji anaandikisha jina lake halafu vyuo vingine vinamfuata. Zamani ukihama ulikuwa unakaa nje msimu mzima kabla ya kucheza, 2021 wakaruhusu kuhama mara moja tu bila kukaa nje, na tangu 2024 unahama mara nyingi unavyotaka ilimradi masomo yako yako sawa. Yaani kijana anaweza kucheza vyuo vinne kwa miaka minne, kila chuo jezi mpya, kocha mpya, wenzake wapya ambao nao wametoka kwingine juzi. Kwenye mchezo wa kulipwa kuna mikataba, kuna dirisha, mchezaji akisaini miaka mitatu unajua utamuona. Huku hela za kulipwa zimeingia, mikataba inayomshika mtu haikuingia nazo.

Saint Peter's, Machi 2022, kile chuo kidogo cha Jersey City, walipangwa nafasi ya 15 wakamtoa Kentucky 85-79 kwa muda wa nyongeza, wakamtoa Murray State, wakamtoa Purdue, wakawa timu ya kwanza ya nafasi ya 15 kufika nane bora. Hakuna aliyebaki amekaa kwenye kiti! Haikupita muda kocha akachukuliwa na chuo kingine na kikosi kikatawanyika kila mtu na njia yake. Novemba msimu mpya ulipoanza nikaitafuta ile timu nikakuta jina la chuo tu. Nilihuzunika kama vile kuna ndugu kahama bila kuaga.

Halafu angalia 2025. Timu 16 zilizobaki wiki ya pili zote zilitoka ligi nne kubwa, SEC peke yake ilikuwa na 7, na nne zilizofika nusu fainali zote zilikuwa za nafasi ya 1, Florida, Houston, Duke na Auburn, kitu ambacho kabla ya hapo kilitokea mara moja tu, 2008. Fainali yenyewe ilikuwa nzuri, Florida 65 Houston 63, sibishi. Lakini wadogo wako wapi? Wale wazuri wao wameshavaa jezi za wakubwa. Mwaka huohuo 2008 ambao wakubwa wote wanne walifika, Davidson, chuo cha wanafunzi wasiofika 2,000, kilipangwa nafasi ya 10 na kijana mmoja mwembamba anaitwa Stephen Curry akampiga Gonzaga pointi 40, wakamtoa Georgetown, wakamtoa Wisconsin, wakaja kufungwa na Kansas 59-57 kwenye robo fainali mtupo wa mwisho ukikosa. Wakuu wa chuo waliwalipia wanafunzi mabasi na tiketi waende Detroit kuangalia. Na Curry mwaka uliofuata alirudi Davidson palepale! Ingekuwa sasa hivi simu zingeanza kuita kabla basi halijafika chuoni, na simlaumu mzazi yeyote atakayemwambia mwanae nenda, hela zile siyo mchezo. Lakini wanafunzi wale wa kwenye basi wasingemuona tena.

Tony Bennett mwenyewe, yule yule wa Virginia, Oktoba 2024 aliacha kazi wiki chache kabla msimu haujaanza akiwa na miaka 55 tu, akasema mazingira ya sasa hayaendani na yeye alivyo. Nilipoisoma ile habari nilijua kilichotokea 2018 na 2019 itakuwa ngumu sana kukiona tena.

Mtu atasema mbona na NBA wachezaji wanahama. Ni kweli, na mabosi nao wanawahamisha usiku wa manane, Februari 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić kwenda Lakers miezi michache tu baada ya kuwafikisha fainali na mashabiki wa kule walilia machozi ya kweli. Na mi hapo nalalamika vilevile. Ila NBA imebaki na mifano. San Antonio 2013 walikuwa wamebakiza sekunde chache kuwa mabingwa mechi ya sita ya fainali, Ray Allen wa Miami akafunga ile ya pointi tatu kona, wakapoteza mechi ile na ya saba pia, kikosi kilekile Tim Duncan na Tony Parker na Manu Ginóbili wakarudi 2014 wakawakuta Miami walewale wakawapiga 4-1. Duncan huyo alikaa Wake Forest miaka minne yote. Na Jalen Brunson alikaa Villanova miaka mitatu akabeba ubingwa 2016 na 2018, drafti wakamuacha mpaka nafasi ya 33, leo New York wanamuimba.

Kuna sehemu moja ambako mambo yako sawa zaidi na makala yenu haikuitaja hata kwa sentensi moja, nayo ni wanawake. WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, ina sharti kwamba mchezaji wa Marekani lazima atimize miaka 22 mwaka wa drafti au awe amemaliza chuo au imepita miaka minne tangu amalize sekondari. Kwa hiyo watu wanapata muda wa kumjua mtu. Caitlin Clark alikaa Iowa miaka minne, 2023 akafungwa fainali na LSU 102-85, akarudi, akamaliza na pointi 3,951 ambazo hakuna mwanamke wala mwanaume aliyewahi kuzifikisha kwenye daraja la kwanza la vyuo, 2024 akafika fainali tena wakafungwa na South Carolina ya kocha Dawn Staley 87-75, timu ambayo haikupoteza mechi hata moja mwaka huo. Ile fainali iliangaliwa na watu karibu milioni 19 kule Marekani, ya wanaume wiki ileile haikufika milioni 15. Haijawahi kutokea kabla. Watu wanasema ni mitupo yake ya mbali, sawa, lakini mi nasema ni ile miaka minne, watu walikuwa wameshamfanya wa kwao. Na Paige Bueckers wa UConn, akaumia goti akakosa msimu mzima, akarudi, nusu fainali 2024 akafungwa na Iowa, akarudi tena na 2025 akabeba ubingwa wakimfunga South Carolina 82-59. Alipotolewa dakika za mwisho akaenda kumkumbatia kocha wake Geno Auriemma, na mi hapa kwangu machozi yalinitoka.

Sisemi vijana wa kiume wafungiwe miaka minne, hapana. Kobe Bryant 1996 na LeBron James 2003 walitoka sekondari moja kwa moja na walikuwa tayari. Tangu 2006 NBA inawalazimisha wawe na miaka 19 na wapitishe mwaka mmoja baada ya sekondari, ndo maana unapata mtu kama Cooper Flagg, mwaka mmoja Duke, wanaongoza kwa pointi 14 kipindi cha pili nusu fainali 2025 halafu Houston anawapiku 70-67, na hadithi yake ya chuo imeishia hapohapo, Dallas wakamchukua wa kwanza. Alikuwa hana deni na mtu, ilikuwa lazima aende. Bora wangefanya kama besiboli, aliye tayari aende kulipwa moja kwa moja akitoka sekondari, anayechagua chuo kikubwa cha miaka minne basi kwa kawaida akae mitatu. Au kama miaka mitatu ni mingi, kijana alipwe hela yake nzuri kwa mkataba wa miaka miwili unaomfunga yeye na chuo pia, asifukuzwe akiumia, na kocha akiondoka kabla ya muda mchezaji awe huru kuondoka naye au kwenda kokote. Pande zote mbili zifungwe, siyo mtoto peke yake.

Ombi langu kwenu Ndugu Mhariri ni dogo. Mashindano ya vyuo yakianza Machi mtupe matokeo ya wanaume na ya wanawake pia, na mtuambie mchezaji huyu yuko chuo hicho mwaka wa ngapi, nafasi ya mstari mmoja tu inatosha. Na mwandishi wa ile makala, sina ugomvi naye, namuomba aitafute ile nusu fainali ya Virginia na Auburn aangalie dakika mbili za mwisho. Ila kwanza akae aiangalie ile ya UMBC, yote, mpaka vijana wanapotoka uwanjani.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote,
Shabiki wa kikapu